Nzohe wa Karagwe na mwana wa mhunzi: jinsi wanyama wetu walivyopata majina ya Kilatini



Katika vitabu vya wanyama vinavyosomwa dunia nzima yumo swala mmoja wa mkoa wetu wa Kagera. Kwa Kiswahili ni nzohe. Kwa Kilatini cha wataalamu ni Tragelaphus spekii, na hilo neno la pili maana yake ni "wa Speke". Mnyama huyu ameishi katika matete ya Karagwe tangu kabla ya enzi za Bahinda, lakini cheti chake cha kuzaliwa, tukiruhusiwa kusema hivyo, kiliandikwa London mwaka 1863 kwa jina la mgeni aliyekaa Karagwe wiki chache tu.

Wanafunzi wa falsafa wamewahi kutuuliza kama kuna haja yoyote ya mseminari kujua mambo haya. Tunadhani ipo. Na wazazi wetu wa Izigo, Kamachumu na Muleba, ambao samaki wa ziwa ni mboga yao na senene ni furaha yao ya mwezi wa Novemba, wana haki ya kujua jinsi viumbe hivi vilivyopangwa, nani alivipanga, na kwa nini mpango huo wakati fulani ulikwenda vibaya.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu analijua. Watu wa huku hawakusubiri Mzungu awafundishe kuwatenganisha wanyama. Tazameni koo zetu na miziro yake. Mhinda hali enkende, yaani tumbili, na ili mzee amwonye mtoto asimguse tumbili ni lazima kwanza amfundishe kumtofautisha na nyani na mbega. Mwiko wa chakula ni darasa la elimu ya wanyama. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Waisraeli: sura ya 11 ya Mambo ya Walawi inagawa wanyama kwa kwato na kwa kucheua, ndipo inaamua nini kiliwe.

Shida ya majina ya nyumbani ni kwamba hayavuki mto. Mfano mmoja unatosha. Mswahili akisema mamba, anamsema yule mtambaazi mwenye meno anayekamata watu mtoni. Mganda akisema mmamba, anasema samaki, yule tunayemwita kamongo, na ukoo wake ni mojawapo ya koo kubwa za Buganda. Mwingereza akisema mamba, anakimbia nyoka, kwa maana neno hilo kwake ni koboko. Wakae watatu hawa meza moja na kuandikiana barua juu ya "mamba", mwisho wao ni ugomvi. Ndiyo maana watu waliotaka kuwasiliana juu ya viumbe vya nchi nyingi walihitaji majina yasiyo ya mtu, na kabla ya majina walihitaji kanuni ya kuamua nani ni nani.

Mmoja wa watu wa kwanza kuiweka kanuni hiyo vizuri alikuwa John Ray.

Mwana wa mhunzi

Ray alizaliwa mwaka 1627 katika kijiji cha Black Notley, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, na mama yake alijulikana kijijini kwa dawa za majani. Kwetu Buhaya, nchi iliyofua chuma kwa karne nyingi, mtoto wa namna hiyo asingekuwa mgeni: nyundo kwa baba, mizizi kwa mama. Alipata nafasi ya kusoma Cambridge, akawa mwalimu katika Chuo cha Utatu, na mwaka 1660 akapewa upadri katika Kanisa la Uingereza. Hakuwa Mkatoliki.

Miaka miwili baadaye serikali ilitoa sheria ya kuwalazimisha mapadri na walimu wote kutia sahihi tamko. Sehemu ya tamko hilo ilisema kwamba kiapo fulani cha wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe hakikuwafunga wale waliokiapa. Ray mwenyewe hakuwa amekiapa. Angeweza kutia sahihi bila kuvunja neno lake lolote. Alikataa hata hivyo, kwa sababu aliona hana mamlaka ya kuwatangazia watu wengine kwamba kiapo chao mbele ya Mungu si kitu. Akapoteza kazi, nyumba na mshahara katika mwaka huo huo wa 1662. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi: mtu aliyekuwa mwangalifu hivyo na neno la mwingine ndiye aliyekuja kuwa mwangalifu na mfupa wa samaki.

Aliyemwokoa alikuwa rafiki na mwanafunzi wake tajiri, Francis Willughby. Walisafiri pamoja Ulaya kuanzia 1663, wakizunguka masoko ya samaki na ya ndege, wakinunua, wakipasua, wakichora. Walikuwa wamegawana kazi: Ray achukue mimea, Willughby achukue wanyama. Lakini Willughby alifariki mwaka 1672 akiwa bado kijana, akamwachia Ray posho ya pauni 60 kwa mwaka. Ray akabeba mizigo yote miwili. Kitabu cha ndege kilitoka 1676, cha samaki 1686, na vyote viwili vilibeba jina la marehemu rafiki yake, ingawa sehemu kubwa ya kuvikamilisha ilikuwa jasho la Ray.

Hicho kitabu cha samaki kina kisa chake. Chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilikichapa kwa michoro mingi ya gharama, nacho hakikununuliwa. Fedha zikaisha. Mwaka uliofuata Isaac Newton alipoleta kitabu chake kikuu cha fizikia, chama hakikuwa na senti ya kukichapa, ikabidi Edmond Halley, yule wa kimondo, alipe kutoka mfukoni mwake. Halafu Halley huyo alipodai mshahara wake chamani, akalipwa kwa nakala za kitabu cha samaki ambazo hazikuuzika. Wahasibu wa majimbo wasomao hapa watatuelewa.

Kanuni yenyewe

Mwaka huo wa 1686, katika kitabu chake kikubwa juu ya mimea, Ray aliandika jibu la swali ambalo kila mtu alikuwa akilikwepa. Tutajuaje kwamba viumbe viwili ni spishi moja au ni mbili? Alijibu kwamba alama ya hakika ni uzao. Viumbe vikitofautiana kwa rangi, ukubwa au harufu, lakini vimetoka katika mbegu ya mzazi mmoja, tofauti hizo ni za juu juu, na spishi ni moja. Spishi moja haizaliwi katika mbegu ya nyingine. Kwa wanyama aliona vivyo hivyo: hata tofauti kati ya dume na jike haitoshi kuwafanya wawe wa aina mbili, kwa kuwa mara nyingi mama mmoja huzaa wote wawili.

Leo jambo hili linaonekana rahisi mno. Jaribuni lakini kulipeleka kwa senene. Wanapoanguka usiku katika mwanga wa taa, asubuhi ndooni mna wa kijani, mna wa kahawia, na mara chache mna wenye zambarau. Kuna nyumba ambako watoto hubishana kama ni senene wa aina tofauti. Kwa Ray swali si rangi. Swali ni kama mama mmoja anaweza kuwataga wote. Wataalamu wa wadudu wamekwisha kukubaliana kuwa wote ni spishi moja, Ruspolia differens, wanaovaa kanzu tofauti. (Wapi wanakuwa watamu zaidi ni mjadala mwingine, na hatutauingia.)

Kisha mwaka 1693 Ray akatoa kitabu cha wanyama wa miguu minne na nyoka, na humo ndimo mchango wake mkubwa kwa elimu ya wanyama ulipo. Kabla yake waandishi wengi waliwapanga wanyama kwa alfabeti, au kwa faida yao kwa binadamu, au kwa mahali wanapoishi, na kila habari ya mnyama ikachanganywa na methali, dawa na hadithi za kale. Ray alifungua kifua akatazama ndani. Ana damu au hana? Anapumua kwa mapafu au kwa matamvua? Moyo wake una vyumba vikubwa viwili au kimoja? Anazaa au anataga? Kwa maswali hayo manne nyangumi alitoka katika kundi la samaki na kusogea karibu na ng'ombe, maana ana mapafu, ana moyo kama wa ng'ombe, na anazaa na kunyonyesha. Popo naye, ambaye hadithi za bibi zetu humfanya ndege penye karamu za ndege na mnyama penye karamu za wanyama, alipata mahali pake upande wa wanyama, ingawa Ray alimweka pembeni pamoja na wale waliomsumbua.

Kwa wenye miguu minne alitazama mguu kwanza. Wenye kwato upande huu, wenye kucha upande ule. Wenye kwato: ni kwato moja kama punda, au imepasuka? Waliopasuka kwato: wanacheua au hawacheui? Wanaocheua: pembe ni za kudumu au zinaanguka kila mwaka? Msomaji wa Mambo ya Walawi atatambua maswali mawili ya katikati mara moja. Tofauti ni kwamba Musa aliuliza ili ajue nini kipikwe, na Ray aliuliza ili ajue nani ni ndugu wa nani.

Mpango huu ulikuwa na mianya, na mmoja tunaweza kuuonyesha katika ziwa letu. Ray aliamini kwamba mapafu na matamvua vinatenganisha wanyama kwa usafi. Hakumjua kamongo. Kamongo ana matamvua, lakini ana mapafu pia, na kamongo mkubwa akizuiwa kupanda juu kuvuta hewa hufa maji, samaki anayezama! Kiangazi kikikausha kinamasi, jamaa zake huchimba tope na kulala humo. Mwaka 1839 Mwingereza mwingine, Richard Owen, alipomchunguza jamaa wa kamongo wetu aliyetoka Gambia, kulitokea ubishi mkali Ulaya kama huyu ni samaki au ni wa kundi la chura. Owen alisema ni samaki, na wakati umemwunga mkono. Lakini tazameni: ubishi ulifanyika kwa maswali ya Ray, juu ya pua, mapafu na moyo, wala haukufanyika kwa kuuliza kama analiwa.

Novemba 1861, Karagwe

Sasa turudi kwa nzohe. John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant, wote maofisa wa jeshi la Uingereza kutoka India, walifika kwa Mukama Rumanika wa Karagwe mwezi Novemba 1861 wakitafuta chanzo cha mto Nile. Rumanika aliwapokea vizuri. Speke aliondoka kwenda Buganda mwezi Januari 1862. Grant, aliyekuwa na kidonda kibaya mguuni, akabaki na kuuguzwa huko huko.

Karibu na makao ya Rumanika palikuwa na ziwa dogo zuri. Wageni wakalipachika jina la Little Windermere, kwa kuwa liliwakumbusha ziwa la kwao, kana kwamba halikuwa na jina lake. Katika matete ya ziwa hilo Speke alimwona swala asiyemjua, mwenye manyoya marefu na kwato ndefu za ajabu. Wenyeji walimpa jina, naye akaliandika katika kitabu chake kama alivyolisikia: nzoé. Kwa hili tumsifu. Wengi wa wakati wake wasingejali jina la mwenyeji.

Mpeni nzohe maswali ya Ray, na atajibu bila shida. Kwato imepasuka. Anacheua. Pembe hazianguki. Basi ni wa nyumba moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo, si wa nyumba ya kulungu wa Ulaya wanaodondosha pembe kila mwaka. Ndani ya nyumba hiyo, pembe zilizopinda kwa mzunguko na michirizi myeupe ya ngozi zinamweka pamoja na mbawala, ambaye wengine humwita pongo, na tandala. Kwato zake zimerefuka na kutanuka ili asizame katika tope, na akifukuzwa huingia majini hadi pua tu ibaki juu.

Hapa ndipo kanuni ya uzao inapookoa. Dume la nzohe ni kubwa, rangi ya kijivu iliyokolea au kahawia, na lina pembe. Jike ni dogo zaidi, jekundujekundu, halina pembe. Mtu akiwaona kwa mbali, mmoja asubuhi na mwingine jioni, anaweza kuapa kwamba ni wanyama wawili. Mwindaji wa Karagwe hakukosea kwa sababu aliwaona wakizaliana. Mtaalamu wa London, aliyekuwa na vielelezo vichache mezani, hakukosea kwa sababu alikuwa amerithi kanuni ya kutoidanganyikia rangi wala pembe.

Mtaalamu huyo alikuwa Philip Sclater, katibu wa Chama cha Wanyama cha London kuanzia 1860 hadi 1902. Kwa taaluma alikuwa mwanasheria, lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Mwaka 1858 aliigawa dunia katika kanda sita kufuatana na ndege wanaoishi humo, na mgawanyo huo, pamoja na marekebisho, bado unafundishwa. Afrika yetu kusini mwa Sahara ni kanda mojawapo. Sclater ndiye aliyetoa jina spekii. Lakini Speke, alipochapa kitabu chake cha safari mwaka 1863, aliweka tanbihi yenye maelezo ya mnyama pamoja na jina hilo, kabla Sclater hajachapa maelezo yake kamili. Sheria ya majina ya wanyama huangalia nani alitangulia kuchapa jina na maelezo. Hivyo vitabu vingi vya sasa huandika "Speke, 1863", na mtu anaonekana kama aliyejipa heshima kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwa desturi ya wataalamu ni aibu. Hakukusudia. Aliwahi tu kufika kwa mchapaji. Hakuishi kuyaona majadiliano yenyewe, kwa maana alifariki Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni.

Jina la mwindaji wa Rumanika aliyemjua nzohe kuliko wote hao halimo popote.

Kitabu hicho hicho

Tungependa kuishia hapo, lakini haingekuwa haki. Kitabu kilichomleta nzohe duniani kina sura nyingine, na ndani yake Speke aliwapanga watu.

Alipokuwa Karagwe alichukua kipimo akampima shemeji wa mfalme, mwanamke mnene kwa desturi ya jumba lile: mkono, kifua, paja, urefu. Akaandika tarakimu kama mtu anavyoandika za swala. Kisha akajenga nadharia kwamba watawala wa nchi hizi za maziwa, Wahima na Bahinda na wenzao, hawakuwa wa asili moja na wakulima waliowatawala, bali walikuwa uzao wa wageni kutoka Ethiopia, bora kuliko wengine. Ushahidi wake ulikuwa sura ya uso, urefu wa mtu, na hadithi alizozisikia nusu nusu kupitia wakalimani. Na kwa kuwa alitaka Biblia imsaidie, akawahusisha na wana wa Nuhu.

Tumsomee Speke kanuni ya Ray. Tofauti za rangi, kimo na umbo kati ya waliozaliwa na mzazi mmoja ni za juu juu. Katika Karagwe watu hao walioana, walizaliana, walisema lugha moja, walizikana. Mtu aliyejua kwamba nzohe mwekundu na nzohe mweusi ni mnyama mmoja alishindwa kutumia akili ile ile kwa wenyeji wake waliokuwa wakimlisha.

Nadharia hiyo haikubaki kitabuni. Ilisomwa na maofisa wa kikoloni, na baadhi ya wamisionari, wa Kanisa letu wakiwamo, wakaitumia kuamua nani anafaa shule na nani anafaa jembe. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila katika vitambulisho vya Wanyarwanda. Sababu za mauaji ya kimbari ya 1994 ni nyingi, na hatusemi kwamba Mwingereza mmoja ndiye aliyeyaleta. Lakini mbegu ile ilikuwa humo shambani. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, katika mkoa wetu, kwa muda wa siku moja na kidogo. Wapo mapadri na watawa wa majimbo yetu waliowahudumia, nao hawahitaji kuelezwa na gazeti matokeo ya kuwagawa watu kwa pua zao.

Wasiopata jina

Kuna upande mwingine wa mambo, nao unahusu ziwa. Sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kabla yake, samaki wengi kuliko wote ziwani walikuwa furu, wale wadogo wenye mifupa ambao wazee wetu waliwakausha na kuwala kwa ndizi. Wataalamu wanakadiria kwamba furu wa ziwa hili walikuwa spishi 500 hivi. Mwaka 1977 timu ya Waholanzi kutoka Chuo Kikuu cha Leiden ilianza kuwachunguza kule Mwanza. Katika miaka ya 1980 sangara akaongezeka ghafla, na furu wakatoweka mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiwahesabu. Makadirio ya spishi zilizopotea hufika 200. Nyingi zilikuwa bado hazina jina.

Na si sangara peke yake. Furu wengi wanafanana sana, isipokuwa rangi ya madume: mmoja wa bluu, jirani yake mwekundu. Jike humtambua mume wa aina yake kwa rangi hiyo. Utafiti uliochapwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yanapochafuka kwa tope na mwani, jike haoni vizuri, anakosea mume, na spishi mbili huanza kuyeyuka na kuwa moja. Hapo kanuni ya Ray inayumba. Yeye aliamini kuwa spishi ziliumbwa na kubaki kama zilivyo. Furu wanatuonyesha kuwa mipaka yao inaweza kujengwa, na inaweza kubomolewa na udongo unaoteremka kutoka shamba lililolimwa bila matuta.

Ray angehuzunika, tunafikiri, kwa sababu yake mwenyewe. Mwaka 1691, akiwa mgonjwa kijijini kwake, alichapa kitabu juu ya hekima ya Mungu katika kazi za uumbaji, na humo alipinga wazo la kawaida kwamba viumbe vyote viliumbwa kwa faida ya mwanadamu tu. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, alifundisha jambo la jamii hiyo hiyo: kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, na zipo spishi zinazotoweka ambazo watoto wetu hawatazijua kamwe. Furu wasio na jina wamo katika hesabu hiyo.

Nzohe bado yupo. Kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, kinamlinda. Mwaka 2019 serikali ilipandisha mapori ya Karagwe, Kyerwa na Burigi kuwa hifadhi za taifa, na moja ikapewa jina la Rumanyika. Kwa upande wa Uganda, katika kisiwa cha Nkosi, visiwa vya Ssese, kuna nzohe wanaoishi zaidi katika msitu mkavu, na kwato zao ni fupi kuliko za ndugu zao wa matete. Mwaka 1916 Richard Meinertzhagen aliwapa jina la pekee, sylvestris, yaani wa msituni. Huyu Meinertzhagen baadaye ilibainika kuwa alighushi habari za vielelezo vingi vya ndege, kwa hiyo msomaji asishangae wataalamu wakikunja uso wanapomsikia. Hata hivyo nzohe wa Nkosi ni wa kweli, na wataalamu bado wanabishana: wengine wanasema ni nzohe yule yule aliyezoea nchi kavu, wengine wanasema kisiwa kimekwisha mtenga.